Mshenga Aliyelala Kabanga

Paukwa! Pakawa.

Hapo kale, miaka kama bilioni 1.4 iliyopita, kabla hapajakuwa na mti wala mnyama juu ya nchi kavu, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka vilindini yakapoa chini ya mahali tunapopaita leo Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Ndani ya mwamba ule ikabaki nikeli, pamoja na shaba na kobalti.

Wanangu wa Ngara na Biharamulo, habari za mwamba huo mmezisikia. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano na wawekezaji, ikazaliwa kampuni ya Tembo Nickel, na Serikali ikapata hisa asilimia 16. Wakubwa wakiizungumzia nikeli hutaja betri za magari na chuma kisichoshika kutu. Ni kweli, nyingi huenda huko. Lakini iko kazi nyingine, inayohitaji nikeli kidogo sana, na kwangu mimi ndiyo ya ajabu kuliko zote.

Mwaka 1897, mjini Toulouse, Ufaransa, Paul Sabatier na mwenzake Jean-Baptiste Senderens walipitisha gesi mbili, hidrojeni na ethilini, juu ya unga laini wa nikeli uliopashwa moto. Hidrojeni ikajiunga na kaboni za ethilini, nayo nikeli ikabaki nikeli. Kitu kinachoharakisha badiliko kama hili chenyewe kisiishe huitwa kichocheo. Haikuchukua muda, viwanda vikaanza kutumia njia hiyo kugandisha mafuta ya mimea ili kutengeneza margarini.

Mwaka 1912 Sabatier alipata Tuzo ya Nobel, akagawana na Mfaransa mwingine, Victor Grignard. Huyu alikuwa amegundua jinsi ya kuifunga kaboni kwenye magnesiamu, ikawa na hamu kubwa ya kujiunga na vitu vingine. Nikeli ya mmoja na magnesiamu ya mwingine zilikutanishwa kwa namna mpya miaka 60 baadaye. Mwaka 1972 Makoto Kumada na wenzake huko Kyoto, Japani, na Robert Corriu huko Ufaransa, kila upande kivyake, walionyesha kwamba nikeli inaweza kuunganisha kaboni kwa kaboni.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye chupa ya maabara zimo kaboni za aina mbili zisizoweza kuoana zenyewe: moja imeshikwa na klorini, nyingine imeshikwa na magnesiamu. Anaingia mshenga, atomi moja ya nikeli. Kwanza anajipenyeza katikati ya kaboni na klorini, anazishika zote mbili. Kisha inakuja ile magnesiamu: inamkabidhi mshenga kaboni yake, yenyewe inaondoka na klorini. Sasa nikeli ameshika kaboni mbili, zimekaa ubavu kwa ubavu. Anazisukuma pamoja, zinaungana, naye anaziachia, anakwenda kutafuta jozi nyingine. Ndoa mpya, mshenga yule yule. Ndiyo sababu nikeli kidogo tu hutosha kwa chupa nzima.

Kazi hii ina uzito, kwa sababu dawa nyingi tunazomeza ni mifupa ya kaboni iliyoungwa kipande kwa kipande. Mwaka 2010 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki, waliounganisha kaboni kwa kutumia paladiamu. Tazameni jedwali la elementi: nikeli ni namba 28, na paladiamu, namba 46, iko chini yake moja kwa moja. Ni ndugu. Tofauti ni kwamba paladiamu huuzwa kwa wakia kama dhahabu, nikeli huuzwa kwa tani. Tena nikeli huweza kuvunja miungano migumu ambayo mara nyingi humshinda ndugu yake.

Udhaifu wake mkubwa ni hewa. Kampaundi nyingi za nikeli zinazotumika kazi hii huharibika zikiguswa na oksijeni, kwa hiyo wanakemia huzishika ndani ya masanduku yaliyojazwa gesi tulivu, mikono yao ikiwa ndani ya glovu ndefu. Lakini Josep Cornella na wenzake, mjini Mülheim, Ujerumani, walitangaza kampaundi ya nikeli unayoweza kuipima kwenye mizani mezani, katika hewa hii hii tunayovuta.