Wachina walipoihamisha dunia: kitabu kimesema, filamu imenyamaza

Ukitoka Isiolo kwenda Merille unapita juu ya lami iliyotandazwa na kampuni ya Kichina. Ndivyo wengi wetu tumjuavyo Mchina: barabara, simu, na tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Hadithi zake za kisayansi, zile zinazobuni mambo ya miaka ijayo, bado hatujazizoea.

Nazo si za jana. Mwaka 1903 mwandishi Lu Xun alifasiri kwa Kichina riwaya ya Mfaransa Jules Verne kuhusu safari ya mwezini, akitaraji itawaamsha watu wake. Mwaka 1983 hadithi za aina hii zikapigwa vita na wakubwa, kwamba zinachafua fikra. Zikafifia, kisha zikarudi kwa kishindo: mwaka 2015 riwaya ya Liu Cixin, The Three-Body Problem, ilishinda tuzo ya Hugo, riwaya ya kwanza kutoka Asia kuipata.

Anayetaka kuzisoma vyema aanze na kisa kimoja cha Liu, The Wandering Earth, yaani Dunia Inayotangatanga. Alikiandika mwaka 2000. Filamu ikatoka 2019. Jua linakaribia kulipuka. Watu hawapandi safina wakakimbia. Wanafunga mitambo mikubwa ardhini na kuisukuma dunia yenyewe. Mborana hatashangaa. Naye akihama huipakia nyumba juu ya ngamia.

Sasa weka kitabu kando ya filamu, uulize: kipi kimeachwa? Filamu imeshika hatari moja, dunia kuvutwa na sayari ya Mshtarii, na baba anayejitoa mhanga kuiokoa. Kitabuni mna uasi. Watu wanachoka, wanasema jua ni zima na wamedanganywa. Wanawatoa watetezi 5,000 wa safari wakafe kwa baridi. Muda mchache baadaye, jua linalipuka.

Filamu inatufundisha kushikamana. Kitabu kinauliza ni nani anayelipa gharama, na nani anayesikizwa.

Swali hilo ni letu. Mradi wa LAPSSET, utokao bandari ya Lamu kupitia Isiolo, nao ni hadithi ya kesho: reli, bomba la mafuta, mji wa kitalii. Tunaonyeshwa picha nzuri, yaani filamu. Kitabu chake, chenye malisho, maji na hati za ardhi, ni wangapi wamekisoma?

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi tunazo zetu. Katama Mkangi, mwana wa pwani, katika Walenisi ya 1995 alimrusha Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi yenye haki. Jina lenyewe ni “wale ni sisi”. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi Pumzi, ya dunia iliyokaukiwa maji. Isiolo haihitaji kufasiriwa hiyo.

Mwalimu, wape wanafunzi hizo mbili na ya Mchina. Kisha waambie waandike Isiolo ya mwaka 2100 wenyewe, kabla hawajaandikiwa.