Kwa nini beringi ya tela hufa kimya kimya

Unaendesha gari, nyuma umefunga tela. Beringi ya gurudumu la gari lenyewe ikianza kuchoka, utajua tu: inaunguruma chini ya miguu yako, usukani unatetemeka, abiria anauliza, "Hiyo sauti ni ya nini?" Ya tela ikichoka, husikii kitu. Iko mita kadhaa nyuma yako, na huko hakuna usukani wala abiria. Inapata moto, grisi inalainika na kuvuja, chuma kinasaga chuma, na dalili ya kwanza unayoiona huenda ikawa moshi kwenye kioo cha pembeni. Au gurudumu lenyewe likikupita barabarani.

Wanaoliogopa sana jambo hili ni wenye matela ya kulala, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazopendwa Marekani na Afrika Kusini. Lakini ukifungua habu ya tela la boti, la jenereta au la kubebea maji nyuma ya pikapu, mara nyingi utakuta mpangilio uleule. Kwa hiyo makala hii ni yako pia.

Kanuni inayotolewa mara nyingi kwa matela ya kulala ni kufungua na kupaka grisi kila baada ya miezi 12 au kilomita zipatazo 19,000, lolote litakalotangulia. Hapo wengi hushtuka. Miezi 12 hata kama tela limekaa uani tu? Ndiyo, hata kama. Ili uone sababu, twende ndani ya habu.

Jaribu na glasi

Chukua glasi ya plastiki yenye mdomo mpana na kitako chembamba. Ilaze mezani, isukume. Haiendi moja kwa moja, inazunguka duara. Ukirefusha kwa mawazo mistari ya pande zake, inakutana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo katikati ya duara lile.

Rola za beringi ya tela zimechongwa hivyohivyo, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Zimepangwa kati ya koni ya ndani na kikombe cha nje, na mistari yote inalenga nukta moja katikati ya ekseli. Matokeo yake rola zinabingirika badala ya kuburuzika.

Umbo hilo lina faida ya pili. Gurudumu halibebi uzito wa kutoka juu peke yake. Tela likikata kona linasukumwa pia kwa ubavu, na rola iliyolala kimshazari inabeba yote mawili. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi ya aina hii pamoja na mpwa wake. Shida yake ilikuwa ileile: mzigo unaokata kona. Ndani ya habu ya tela zinakaa beringi mbili zinazotazamana, moja ikizuia msukumo wa kushoto, nyingine wa kulia.

Grisi si mafuta mazito tu

Wengi tunadhani grisi ni mafuta yaliyoganda. Kumbe sehemu yake kubwa ni mafuta ya kawaida ya maji maji, yameshikwa na kitu kingine, mara nyingi sabuni ya lithiamu. Fikiria nazi iliyokunwa: tui limo ndani, limetulia, na ukikamua linatoka. Sabuni ndiyo nazi, mafuta ndiyo tui. Rola zinapopita, mafuta yanatoka kidogo kidogo kwenda kufanya kazi.

Na kazi yenyewe inashangaza. Rola na kikombe hugusana kwenye mstari mwembamba sana, kwa hiyo mgandamizo hapo unaweza kufika gigapaskali 1. Hiyo ni karibu mara 9 ya mgandamizo wa sakafu ya bahari kwenye bonde la Mariana, kina kirefu kuliko vyote. Ungedhani mafuta yatakimbia. Badala yake, kwa kubanwa kiasi hicho mnato wake unapanda kupita kiasi, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde yanakuwa karibu kama kitu kigumu. Chuma ndicho kinachobonyea kidogo kuyapisha.

Utando huo wa mafuta una unene ambao mara nyingi haufiki maikroni 1. Unywele wako una maikroni 50 hadi 100. Yaani tela zima, pamoja na vitanda na jiko lake, linaelea juu ya kitu chembamba kuliko unywele kwa mara nyingi.

Kwa nini kukaa kunaua

Sasa tela limeegeshwa miezi minane. Rola zimesimama mahali pamoja, na mafuta yaliyokuwa chini yake yamekamuliwa pembeni. Mchana kuna joto, usiku kuna baridi, unyevu wa hewa unageuka matone ndani ya habu. Pale rola ilipogusa kikombe, doa dogo la kutu linaanza. Doa hilo linaweza kuwa refu kuliko unene wa utando wote wa mafuta. Siku ya safari kila rola inaligonga, linamomonyoka, na vipande vyake vinazunguka ndani kama mchanga.

Tela la boti lina adha ya ziada. Linafika ufukweni habu ikiwa moto, linashushwa majini, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na maji yanavutwa ndani kupitia sili iliyochoka. Yakiwa ya chumvi, hali ni mbaya zaidi.

Kazi yenyewe

Weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua tela kwenye fremu yake, kisha liegemeze kwenye stendi imara. Usifanye kazi likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Toa gurudumu, kifuniko cha habu, kotapini, nati na washa. Vuta habu, toa beringi zote mbili. Zioshe kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani iishe, zikaushe kwa kitambaa safi. Usizizungushe kwa upepo wa kompresa, rola inaweza kuchomoka kwa kasi na kukuumiza.

Tazama kwenye mwanga. Ukiona vishimo, magamba, au rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, nunua mpya, koni pamoja na kikombe chake. Kuweka koni mpya kwenye kikombe kilichochakaa ni kupoteza hela.

Weka fungu la grisi ya beringi za magurudumu kiganjani. Sukuma beringi kwenye grisi kwa upande wake mpana, mpaka uione ikitokea upande wa pili katikati ya rola. Kupaka juu juu hakutoshi. Wala usijaze habu nzima ukidhani unaongeza usalama: grisi iliyozidi inakorogwa, inazalisha joto, na inaweza kusukuma sili hadi ikafika kwenye breki. Usichanganye pia grisi usizozijua, baadhi zikikutana zinakuwa uji. Sili weka mpya kila mara, bei yake ni ndogo.

Mwisho ni nati, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kaza kwa spana huku unazungusha habu kwa mkono, ili rola zikae mahali pake. Kisha legeza bila kuzungusha habu, na kaza tena kwa vidole tu. Kotapini isipoingia, legeza hadi tundu linalofuata, usikaze. Ukitikisa gurudumu, uchezaji mdogo sana unakubalika, maana chuma kikipata joto kinatanuka na kinahitaji nafasi. Ukikaza "ili isilegee", umeubana ule utando mpaka upasuke. Kitabu cha tela lako kikitoa vipimo vyake, fuata hivyo.

Baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza, simama mahali salama. Sogeza mgongo wa mkono wako taratibu karibu na kila habu. Uvuguvugu ni kawaida. Lakini moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, usiendelee na safari mpaka ujue sababu.