Meza kando ya mto Severn: Kwa nini majira ya joto ni mavuno kwa mji wa Bewdley

Mwezi Juni, jua huchelewa kuzama hadi karibu saa tatu na nusu usiku katika Bewdley, mji wa soko ulioko magharibi ya kati ya Uingereza. Ndipo mikahawa na baa za ukingoni mwa mto Severn zinapotoa meza nje, na wateja wakala huku wakilitazama daraja la mawe lililosanifiwa na Thomas Telford.

Hiyo si anasa tu. Ifikapo Desemba, jua huzama mnamo saa kumi jioni na baridi huwarejesha watu ndani. Kwa mfanyabiashara, akiba ya miezi michache ya joto ndiyo inayosaidia kulipa mishahara na pango wakati wa giza.

Hata hivyo, hakuna anayeruhusiwa kuweka meza kwenye njia ya umma apendavyo. Sheria ya mwaka 2020, iliyotungwa wakati wa janga la Covid-19, ilirahisisha utoaji wa vibali hivyo, na sheria nyingine ya mwaka 2023 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu katika England. Ada ya mwombaji mpya haizidi pauni 500, na ya anayehuisha kibali haizidi pauni 350.

Mwongozo wa serikali unataka, kwa kawaida, njia ibakiwe na upana wa mita 1.5, ili wenye viti vya magurudumu na wasioona wapite salama. Hapo ndipo penye mvutano: meza moja zaidi ni kipato kwa mmoja na kikwazo kwa mwingine.

Mto wenyewe nao una masharti yake. Mafuriko ya mwaka 1795 yalilibomoa daraja la zamani. La Telford lilikamilika mwaka 1798. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2000, ukingo wa Severnside uliwekewa kinga ya paneli zinazofungwa maji yanapotarajiwa kupanda, kisha kuondolewa yanaposhuka.

Ukuta mrefu wa kudumu ungeuficha mto, na mto ndio unaowaleta wageni. Kwa hiyo ukingo ule ule unaopangwa meza wakati wa joto ndio unaosimamishwa kinga mto unapofura.