Kipanga, Kilaza na Alama ya Kutoa

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, kisha wakasifiwa: wengine kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Yakafuata mafumbo magumu, wote wakakwama. Yaliporudi mepesi kama ya mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza; waliosifiwa bidii wakafanya vizuri zaidi. Tena, walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la "wenye akili" walizikuza. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mtoto aliyeitwa kipanga huanza kulilinda jina hilo, hata kwa uongo.

Kwetu Tanzania, mtoto aliyeongoza darasa la saba katika shule ya Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Hanyooshi tena mkono. Anajiona kilaza, kumbe kilichobadilika ni lugha, si kichwa chake. Aambiwe hivyo waziwazi, tangu wiki ya kwanza.

Wengi wetu hudhani kumjenga mtoto ni kumwambia "jitahidi". Haitoshi hata kidogo. Chukua daftari la hesabu: 7 − 2(x − 3) imefunguliwa ikawa 7 − 2x − 6. Mwalimu anakosesha, anaandika "Ongeza bidii". Bidii ipi? Mtoto huyu anaweza kukesha akirudia kosa lilelile. Aandikiwe: "Umezidisha vizuri, ila hasi mara hasi ni nini? Rudia, uniletee kesho." Na kesho akileta, apewe alama zake.

Wenzake darasani nao wana nafasi yao. Mwaka 2019 mtafiti David Yeager na wenzake walitoa matokeo ya wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa nchini Marekani. Somo lisilofika saa moja, kuhusu ubongo unavyokua kwa kufanyishwa kazi, liliinua wastani wa alama za wanafunzi dhaifu kwa takriban pointi 0.1 katika kipimo cha pointi 4. Ni kidogo, na lilifaa zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe huthamini kujaribu magumu. Kwa hiyo mwalimu aanze kwa kukomesha vicheko vya darasani. Mtoto akikosea ubaoni na darasa likacheka, somo lisimame, aeleze alivyofikiri, na wenzake watafute pamoja naye hatua iliyopotea.