Tarakilishi ikikataa kufungua Linux usikimbilie kufuta faili

WENYE tarakilishi zilizo na mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, hupigwa na butwaa Linux inapokataa kufunguka ghafla. Baadhi yao hufuta kila kitu na kuanza upya, wakapoteza kazi ya miaka mingi bila sababu.

Masaibu hayo yaliwakumba wengi Agosti 2024, Microsoft ilipotoa sasisho la Windows la kuziba mwanya wa kiusalama katika GRUB, programu inayoanzisha Linux. Sasisho hilo lilizuia matoleo ya zamani ya GRUB, hata katika mashine zenye mifumo miwili ambazo hazikukusudiwa kuguswa.

Windows iliendelea kufanya kazi, na faili za Linux zilisalia salama. Kilichofungwa ni mlango tu.

Kabla ya kugusa chochote, mtumiaji anafaa kuhakikisha ana ufunguo wa BitLocker iwapo Windows yake imefungwa kwa ulinzi huo. La sivyo, huenda akajifungia nje.

Kisha huingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, akazima kinga iitwayo Secure Boot na kufungua Linux. Humo huandika amri hii:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Baadaye huwasha mashine upya, akaingia Linux tena, akaisasisha, ndipo airejeshe Secure Boot. Kuiacha ikiwa imezimwa ni kukaribisha programu hasidi.

Microsoft ilirekebisha kosa hilo kupitia masasisho ya Mei 2025.