KOROSHO: Tani zaongezeka, ubanguaji wasuasua

Minada ya korosho inayoanza kila Oktoba katika mikoa ya kusini hufuatwa kwa makini na wafanyabiashara kwa ajili ya bei. Lakini kwa anayetaka kupima maendeleo ya viwanda Tanzania, bei peke yake haitoshi. La kuuliza ni hili: korosho hizo zinabanguliwa wapi?

Kwa upande wa mavuno, hali inatia moyo. Msimu wa 1973/74 zilipatikana takriban tani 145,000. Baadaye wakulima walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia mashamba. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani zipatazo 16,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa kwa watu binafsi, na zao likafufuka: zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18, na zaidi ya 500,000 msimu wa 2024/25.

Viwanda havikufuata mwendo huo. Kwa mikopo ya nje, ikiwamo ya Benki ya Dunia, serikali ilijenga viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, mavuno yalikuwa yameshashuka. Vingi vilisimama, vikauzwa wakati wa ubinafsishaji, na baadhi vikageuzwa maghala. Zamani mitambo ilikosa korosho. Siku hizi korosho ndizo zinazokosa mitambo. Sehemu kubwa husafirishwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam.

Hasara yake inahesabika. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya kiini, kwa hiyo nauli ya meli inalipiwa pia maganda. Aidha, maganda hayo hutoa mafuta yanayotumika kutengenezea rangi na vifaa vya breki. Vyote hivyo, pamoja na ajira, huondoka na gunia.

Mtaji ndio kikwazo

Tatizo la mbanguaji wa ndani si mashine tu. Korosho huuzwa katika miezi michache, lakini kiwanda kinatakiwa kifanye kazi mwaka mzima. Mwenye kiwanda hulazimika kununua malighafi ya mwaka kwa mkupuo, kwa mkopo wa riba kubwa, na kuihifadhi ghalani. Mnadani anakutana na mnunuzi wa nje ambaye mara nyingi hukopa kwa riba nafuu, na anayeweza kuchukua korosho za nchi nyingine msimu wa hapa unapokwisha.

Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ulikusudiwa kumpa mbanguaji ahueni. Hata hivyo, mnunuzi huufidia kwa kushusha bei mnadani, na mzigo humwangukia mkulima.

Mwaka 2018 ulionyesha ugumu wa jambo hili. Wakulima walipogomea bei za mnadani, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Lakini uwezo wa kubangua shehena yote haukuwapo, ikabidi watafutwe tena wanunuzi wa ghafi.

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Kipimo hicho ni wastani wa pato la mtu. Hakielezi kazi zinafanyika wapi.

Kwa hiyo mfanyabiashara atakayesoma taarifa za minada msimu ujao asiishie kwenye tani na bei. Atazame pia kiasi kilichobanguliwa nchini na riba anayotozwa mbanguaji. Mambo hayo mawili yasipobadilika, mavuno makubwa yatamaanisha tu meli nyingi zaidi za korosho ghafi bandarini Mtwara.