Fahamu: Kwa nini boti za Ziwa Kivu hupinduka

Vita vilipofunga barabara ya Sake, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa 2024, wasafiri na magunia ya vyakula kutoka Minova kwenda Goma walihamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilipinduka mita chache kabla ya kutia nanga katika bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278, na waliokufa walikuwa 78 au zaidi.

Wengi husema tatizo ni msongamano, si umbo la chombo. Msongamano unaua, kweli, lakini barabara ikifungwa watu watapanda tu, kwa hiyo umbo lazima liwape nafasi ya kupona. Boti ikiinama, maji huusukuma juu ubavu uliozama, na msukumo huo ndio unaoirudisha. Mzigo ukirundikwa juu, uzito huielemea upande uleule. Upana ukiongezeka mara mbili, nguvu ya umbo ya kuirudisha huongezeka mara nane. Wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza wanalitumia jambo hili wanapovua usiku: huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakavuta wavu mzito bila kulala ubavu. Utasikia kwamba chombo kama hicho ni cha polepole na ghali kwa mizigo. Ni sawa, ila boti ya mizigo yatosha iwe na tumbo pana, magunia chini, abiria wakiwa wameketi, na mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha kikomo cha mzigo. Rangi si ghali. Kigumu ni kumpata mkaguzi mwenye uwezo wa kuzuia safari mstari ukishafunikwa na maji.